Kuprinti manyuali za biashara: steshenari, riso, dijitali au ofseti? Na ufunge kwa pini, gundi, spairo au ringi?

Kabla hujaenda kuuliza bei popote jiulize vitu viwili: hiki kitabu kitashikwa na nani akiwa wapi, na kitakaa muda gani kabla kitu ndani yake hakijabadilika. Mi kazini nashughulika na manyuali za aina mbili. Moja ni mwongozo wa pampu za maji tunazouza, unaingia kwenye boksi unaenda na mteja mpaka Kilombero huko au Mbarali. Nyingine ni kitabu cha taratibu za kampuni, cha wafanyakazi wetu, mambo ya likizo, nidhamu, jinsi ya kupokea mzigo stoo. Zote zinaitwa manyuali na dukani wanakupigia hesabu kwa mtindo mmoja, ukurasa kiasi fulani kava kiasi fulani, ila ni vitu viwili tofauti kabisa, na kila nilipopoteza hela ilikuwa ni kwa sababu nilivichukulia kama kitu kimoja.

Angalia. Cha pampu kinahitaji kopi nyingi, kila pampu na chake, hakibadiliki mpaka modeli ibadilike, na maisha yake yote ni maji, oili na vidole vya grisi, anayekisoma amechuchumaa pembeni ya kisima na spana mkono wa pili. Cha kampuni kopi ni chache, kinakaa kwenye droo hakuna anayekimwagia kitu zaidi ya chai, lakini kinabadilika balaa. Kwa Tanzania mambo mengi humo yanafuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, siku 28 za likizo ya mwaka, saa 45 za kawaida kwa wiki, hayo hayajatikisika muda mrefu, ila mengine yanaguswa. Kima cha chini cha mshahara kinatoka kwa amri ya mishahara na kila amri mpya ikitoka ukurasa wako wa mishahara umekufa. Mapema 2025 sheria za kazi zikarekebishwa, mojawapo ni likizo ya uzazi kwa mama aliyejifungua mtoto njiti, sisi tulikuwa na vitabu vizuri vya kava ngumu vimeprintiwa miezi michache tu nyuma na ukurasa wa uzazi ukawa wa uongo. Kwa hiyo nikikwambia chini huko kwamba njia fulani ni nzuri, uliza kwanza nzuri kwa kitabu kipi.

Tuanze na wapi pa kuprintia

Printa ya ofisini na steshenari ya mtaani naviweka pamoja, vyote ni vya kopi 1 mpaka 20 hivi. Tofauti kubwa ni wino. Kama printa yako ni ya wino wa maji, hizi za bei rahisi za chupa nne za rangi, nyingi wino wake ukipata tone la maji unatiririka, usithubutu kuprintia mwongozo wa pampu. Ya tona, yaani leza, unga unayeyushwa kwa joto ukashika karatasi, maji hayausumbui, ila ukikunja karatasi pale kwenye mkunjo unabanduka. Na kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia: karatasi ya tona ukiiweka kwenye mfuko wa plastiki laini halafu ukaiacha ndani ya gari juani Dar hii, maandishi yanahamia kwenye plastiki. Unavuta karatasi herufi zinabaki kwenye mfuko. Nimeona kwa macho yangu, orodha ya vipuri nzima.

Riso watu wanaisahau. Ni ile mashine shule zinaprintia mitihani, inatengeneza sitenseli kwanza inaizungusha kwenye dramu halafu inatema kopi zaidi ya 100 kwa dakika. Kopi ya kwanza ndo ghali kwa sababu ya hiyo sitenseli, ya mia ni karibu bei ya karatasi tu. Ubaya: rangi moja kwa mpigo, picha zinatoka kama gazeti la zamani, haitaki karatasi ya kung'aa, na wino unakauka kwa kunywewa na karatasi kwa hiyo ukishika mapema vidole vinakuwa vyeusi. Kwa fomu, cheklisti za stoo, kijitabu cha maandishi matupu kopi 200 au 300, mi naona hakuna kinachoishinda kwa bei. Kwa mchoro wa pampu wenye vipuri vidogo 30 na namba zake, hapana, vimistari vyembamba vinagandana.

Sasa dijitali na ofseti ndo vita yenyewe. Dijitali ni ile mashine kubwa ya tona, kama fotokopi iliyokwenda shule. Haina pleti (bamba la kuchapia), unampa faili anaprinti, kopi moja na kopi mia bei yake kwa kopi inakaribiana. Raha yake kila kopi inaweza kuwa tofauti, siriali namba ya pampu juu ya kava, au jina la tawi, Mwanza kivyake Mbeya kivyake, bila kuongeza maandalizi mengi. Ofseti inataka pleti kwanza, pleti moja kwa kila rangi kwa kila upande wa shiti, yaani ile karatasi kubwa kabla haijakunjwa na kukatwa. Hapa ndo watu wanapigwa bila kujua wamepigwa, ngoja nipige hesabu.

Mwongozo wetu ni A5, kurasa 32. Kwa mashine ya karatasi ya A2, upande mmoja unabeba kurasa 8 za A5, pande mbili 16. Kurasa 32 ni shiti mbili, pande nne. Ukiprinti nyeusi tupu ni pleti 4. Rangi kamili ni rangi nne mara pande nne, pleti 16. Na kava pembeni na pleti zake 4. Bosi wetu alitaka maneno ya ONYO yawe mekundu, maneno hayo yametapakaa kila upande, kwa hiyo wekundu peke yake ulikuwa unaongeza pleti 4 na kila shiti kupita tena chini ya wino. Tukaweka pembetatu nyeusi nene yenye alama ya mshangao, na boksi la mstari mzito kuzunguka maneno. Fundi anaelewa vilevile. Kava ndo tukaipa rangi zote.

Namna ya kujua uende wapi ni hesabu ya darasa la sita. Hizi namba ni za mfano tu, weka za kwako ulizopewa. Tuseme dijitali wanakwambia 4,000 kwa kopi. Ofseti wanakwambia maandalizi yote 450,000 halafu kila kopi 1,000. Tofauti ya kopi kwa kopi ni 3,000, gawanya 450,000 kwa 3,000 unapata 150. Chini ya kopi 150 dijitali ni nafuu, juu yake ofseti. Kopi 100 dijitali 400,000 ofseti 550,000. Kopi 500 dijitali milioni 2 ofseti 950,000, hapo hata hujadiliani. Shida mafundi wengi wa ofseti hawakupi hizo namba mbili zikiwa zimetengana, wanakupa bei ya jumla ya kopi 500. We omba bei ya 500 na bei ya 1,000 kwa pamoja. Chukua tofauti ya hizo mbili gawanya kwa 500, umeshapata bei ya kopi, kilichobaki ni maandalizi.

Ila hesabu hiyo ina mtego na mi nimeuingia. Ofseti inakushawishi uprinti nyingi kwa sababu kila ukiongeza kopi bei inashuka. Nikaprinti 2,000 nikijiona mjanja kumbe mauzo yetu ni pampu 60, 70 kwa mwezi, yaani stoki ya zaidi ya miaka miwili. Mwezi wa nne namba ya simu ya fundi wa huduma ikabadilika. Kubadilisha namba moja ni pleti mpya, na vitabu vimeshaprintiwa tayari vimejaa stoo. Tukaprinti stika, vijana wawili wakakaa siku tatu wanabandika, na mteja akiiona stika juu ya namba anaanza kuwaza labda hii pampu ni ya kuchakachua. Sasa hivi namba za simu, bei na majina ya watu haviingii kabisa kwenye sehemu ya ofseti. Tuna kikaratasi kimoja cha dijitali, A5, tunakichomeka ndani ya kava, kikibadilika tunatupa kikaratasi.

Kwa hiyo kwetu mwongozo wa pampu ni ofseti kopi 500 kwa mpigo, cha kampuni ni dijitali siku zote. Hata wafanyakazi wangefika 200 ningebaki dijitali kwa sababu ya yale mambo ya kubadilika niliyosema juu.

Kufunga

Hapa watu wanachagua kwa macho, kinachopendeza. Kosa.

Pini mbili katikati ya mkunjo ndo rahisi na ndo imara kuliko inavyoonekana. Masharti yake kurasa lazima zigawanyike kwa 4, ukiwa na kurasa 30 utalipia 32 hivyo tafuta cha kuweka kwenye hizo mbili, sisi tuliweka jedwali tupu la kuandika tarehe za kubadili oili na sili, na ndo kurasa zinazotumika kuliko zote. Kwa karatasi ya gramu 80 (huo ni uzito wa mita moja ya mraba) ukivuka kurasa 60 na kitu kitabu kinaanza kuvimba hakilali, na kurasa za katikati zinatokeza nje zikikatwa na giloteni maandishi yanakaribia ukingo.

Gundi, wengine wanaita pafekti, ile yenye mgongo bapa kama kitabu cha dukani. Inapendeza kweli, mgongoni unaandika jina la kampuni, kwenye shelfu unajisikia. Lakini inahitaji unene. Karatasi ya gramu 80 ina unene kama sehemu moja ya kumi ya milimita, tuseme 0.1 hivi, kurasa 32 ni karatasi 16, milimita 1.6, gundi itashika nini hapo? Anza kufikiria gundi kuanzia kurasa 60 kwenda juu. Na haikai wazi mezani, ukiiacha inajifunga yenyewe, kwa hiyo mtu anayefanya kazi huku anasoma anaikandamiza mgongo uvunjike. Stoo kipa wetu aliikandamiza siku ya kwanza, wiki ya pili ukurasa wa kupokea mzigo ulikuwa umebandikwa ukutani kwa selotepu, sijui hata alimaanisha kunikejeli. Gundi ya kawaida ya moto pia inalainika kwa joto kali, kitabu kikikaa kwenye dashibodi ya pikapu kutoka Dar mpaka Ifakara usishangae. Kuna gundi nyingine inaitwa PUR, inavumilia joto na kukunjwa, uliza kama wanayo, wengi watakuangalia tu.

Spairo ndo chaguo la mtu anayefanya kazi kwa mikono. Inalala bapa, inageuka nyuma kabisa ukaishika kwa mkono mmoja. Ziko tatu na zisikuchanganye: koili ya plastiki inayozunguka kama springi, hii ndo ngumu kufa, hata ukiikalia inarudi. Waya wa chuma pacha, nadhifu zaidi ila ukibonyea haurudi na kurasa zinaanza kukwama. Na ile ya plastiki yenye meno kama kitana, rahisi, ipo kila steshenari karibu na chuo, inafunguka meno ukiikaza kidogo na karatasi zinatoka. Kwenye boksi la pampu spairo inakula nafasi na inabonyezwa, ndo maana pale tukabaki na pini. Kwa karakana yetu wenyewe kila benchi ina ya koili.

Faili la ringi sasa. Watu wanaliona la kizamani, mi naliona ndo jibu la kitabu cha kampuni, au angalau nusu ya jibu. Sheria ikibadilika unatoa ukurasa 14 unaweka 14 mpya, basi. Ubaya wake nao ni huohuo, kila mtu anaweza kutoa ukurasa. Utakuta faili la tawi halina ukurasa wa posho ya safari na hakuna anayejua ulipoenda. Pia baada ya mwaka kila tawi lina kitabu chake, huku ukurasa wa zamani kule mpya. Dawa tuliyoipata ni chini ya kila ukurasa kuandika toleo na tarehe, na ukurasa wa kwanza kuna orodha ya kurasa zote na toleo linalotakiwa, anayekuja kukagua analinganisha dakika tano. Sisi tuna faili moja la ringi kila idara, ndo kitabu rasmi, na kila mfanyakazi anapewa kijitabu cha pini kurasa 16 chenye yale ya msingi tu, na karatasi ya kusaini kwamba amepokea na amesoma, ile tunaibakisha kwenye faili lake. Hiyo karatasi ya saini usiiunganishe ndani ya kitabu jamani, mtu ataondoka nayo nyumbani.

Karatasi, haraka haraka

Ndani gramu 80 inatosha kwa maandishi, ya upande wa pili yanaonekana kidogo, kama una picha nyingi nenda 100. Karatasi ya kung'aa ndani ya mwongozo wa mashine siipendi, inaakisi jua na kalamu haiandiki. Kava gramu 250 au 300 na lamineshini (plastiki nyembamba) upande wa nje, ya mati yaani isiyong'aa inaficha alama za vidole, ya kung'aa inafutika vizuri ikipata grisi. Kwenye pampu weka ya kung'aa. Uzito nao uhesabu kama unasafirisha: A4 moja ya gramu 80 ina gramu 5, rimu ya 500 ni kilo 2 na nusu, mwongozo wa A5 kurasa 32 pamoja na kava ni kama gramu 55, kopi elfu ni kilo 55 za basi la mkoani.

Halafu kitu ambacho kimetusaidia kuliko kitabu chote. Kadi moja, upande mmoja hatua za kuwasha, upande wa pili matatizo matano ya kawaida, imelaminetiwa, imetobolewa, imefungwa na waya kwenye pampu yenyewe. Kitabu kinapotea, kadi haipotei maana imefungwa. Simu za "pampu inazunguka haivuti maji" zilipungua, kwa sababu kadi inasema jaza maji kwenye pampu kwanza kabla ya kuwasha, na kitabu kilikuwa kinasema hivyohivyo ukurasa wa 9 ambao hakuna aliyefika.

Karatasi au PDF?

Kuna mtu atasema mambo ya karatasi yamepitwa na wakati, weka QR kwenye boksi mteja askani apakue. Sawa, kwa mteja wa mjini mwenye simu janja na bando inafanya kazi tena vizuri kuliko kitabu, unaweza kuweka na video. Ila nusu ya wateja wetu anayeendesha pampu ni kijana wa shamba mwenye kitochi, na bondeni mtandao wenyewe wa kupanda juu ya kichuguu. Tunafanya vyote viwili. Angalizo moja, hizo huduma za kutengeneza QR bure nyingine zinakupa msimbo unaopitia kwao, muda wa bure ukiisha inafunguka ukurasa wa kukudai malipo, na msimbo umeshauprinti kwenye boksi 500. Elekeza QR kwenye anwani ya tovuti yako mwenyewe, ndani ya tovuti ndo ubadilishe faili utakavyo. Kwa kitabu cha kampuni PDF kwenye grupu la WhatsApp la ofisi inasaidia kutafuta neno, lakini usiitegemee peke yake, siku ya kikao cha nidhamu mtu atakwambia hajawahi kuiona.

Lugha sikuiweka kwenye ulinganisho kwa sababu naona haina mjadala. Pampu nyingi zinakuja na kijitabu cha Kichina na Kiingereza. Kiswahili ndo kinasomwa. Tafsiri na fundi akiwa pembeni, maana ukimwachia mtu wa ofisini ataandika neno la kamusi ambalo karakana nzima haijalisikia, wakati fundi anasema sili, vali, gasketi, bushi, na mteja akienda dukani Kariakoo anaomba kwa majina hayohayo.

Kukabidhi kazi

Peleka PDF, usipeleke Word. Word ikifunguka kwenye kompyuta yao fonti zinahama, ukurasa wa 12 unasukumiwa wa 13 na yaliyomo yako yote yanadanganya. Picha zilizopita WhatsApp kama picha zimeshabanwa, ukizikuza kwenye karatasi ni ukungu, tuma kama dokumenti au peleka flashi. Rangi ikifika ukingo wa kava acha milimita 3 za ziada kila upande za kukatwa.

Bei uliyopewa uliza kama ni pamoja na VAT au bado, asilimia 18 kwa Tanzania si ya kugundulia kwenye risiti ya EFD (Kenya ni 16, na wenzetu wa River Road na Kirinyaga Road za Nairobi nadhani maswali ni yaleyale). Muda pia. Dijitali unaweza kupata kesho, ofseti ni siku kadhaa, na kuanzia Novemba mpaka mwaka mpya mashine zimejaa kalenda na daiari, mwaka wa uchaguzi ndo usiseme. Ukiwa na manyuali ya ofseti ya mwisho wa mwaka ipeleke Septemba.

Kabla hawajawasha mashine dai kopi moja ya sampuli iliyokunjwa na kufungwa kama itakavyokuwa, sio kuangalia kwenye kioo cha kompyuta ya dizaina. Isome namba za kurasa moja moja, piga simu namba zilizoandikwa uone kama zinaita, saini na tarehe, wao wabaki na moja wewe na moja. Mzigo ukija usifungue ya juu ya boksi, hiyo wameipanga. Ingiza mkono katikati utoe tatu, angalia kama kuna shiti imekunjwa kichwa chini miguu juu, hapo ndo utoe salio.